Wazazi wa Darasa la Sita Wafanya Mtihani

Mwalimu Tunu Shamsudin alikuwa mtu wa chaki. Alizaliwa Arusha mjini, akaishi Lemara, na miaka yote ya kazi yake alifundisha jiografia katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya jiji, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Huko mwanafunzi akichelewa husema alikuwa anafukuza ng'ombe wa jirani shambani, na husema kweli.

Kisha mwalimu mkuu, Hans, akarudi kutoka semina ya ujifunzaji wa mtandaoni. Aliwaita walimu ofisini akatangaza kwamba kila darasa litakuwa na kundi la WhatsApp.

"Watoto hawana simu," Tunu alisema.

"Wazazi wanazo. Tutumie hizo hizo."

Basi Tunu akafungua kundi la Darasa la Sita, na jioni ile akatuma swali: Taja sababu moja ya mmomonyoko wa udongo.

Jibu la kwanza lilikuja kwa sauti, ng'ombe wakilia nyuma yake. Alikuwa Mzee Lerionka, babu yake Soila, mwanafunzi wa darasa hilo. "Sababu ni Yona," alisema. "Amelima mpaka kwenye mpaka wangu, na matuta yake yanateremka kama mifereji."

Yona, mkulima jirani yake, alikuwa na mtoto darasa lile lile, kwa hiyo naye alikuwemo kundini. Akajibu kwamba sababu ni ng'ombe wa Lerionka. Sabina, muuza nyanya wa Kwa Mrombo, akaandika "mvua", kisha akaweka picha ya nyanya zake.

Mkono wa Tunu ulikuwa umezoea kusahihisha. Bila kufikiri akampa Sabina vema, na wale wanaume wawili akawawekea alama nyekundu ya kosa.

Kesho yake asubuhi Mzee Lerionka alikuwa mlangoni pa darasa, shuka begani, simu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, umenikosesha mbele ya wakwe zangu."

"Wakwe zako wamo kundini?"

"Niliwaingiza mwenyewe. Walitaka kusoma."

Mambo yakaharibikia hapo. Watoto walipoomba simu waliambiwa watulie, wakubwa wanasoma. Soila akaja darasani bila kazi ya nyumbani.

"Babu amekataa kunipa simu," alijitetea. "Anasema nitamharibia maksi."

Tunu alimwendea mwalimu mkuu, akaomba kundi livunjwe. Hans hakutaka kusikia. Hakuna darasa lililokuwa na ushiriki mkubwa kama ule, na alikuwa amekwisha kujisifu kwa walimu wakuu wenzake. Tunu akajaribu kuwaaga wazazi mwenyewe. Yona akamjibu kwa niaba ya wote: kundi haliwezi kufungwa kabla wazazi hawajapewa mtihani wao, watu wameshajiandaa.

Mtihani ukafanyika Jumamosi. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakikaribia videvu. Watoto walijaa madirishani wakiwazomea. Sabina aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akanyimwa. Yona, aliyekaa dawati moja na Lerionka, alikuwa anarefusha shingo kila Tunu alipogeuka. Tunu alimwona vizuri, ila hakujua utampigishaje magoti mtu unayemwamkia shikamoo. Akakohoa tu.

Wakati wa kusahihisha alilifikia swali la mmomonyoko. Lerionka alishikilia msimamo wake, aliandika "Yona". Kwenye karatasi ya Yona, kwa mwandiko wa haraka wa mtu anayenakili, jibu lilikuwa "Yona" pia.

Tunu alicheka mpaka akalia. Kicheko kilikatika Jumatatu, karatasi ziliporudishwa, Lerionka alipoinyakua ya jirani yake na kuipeleka mbio kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtuhumiwa, alisema, amekiri kwa mkono wake. Baraza likaitishwa, na Tunu akaitwa kama mtaalamu.

"Mwalimu," mwenyekiti aliuliza, "jibu hili ni sahihi au si sahihi?"

"Kwa mtaala, si sahihi."

"Na kwa shamba?"

Mmomonyoko Tunu alikuwa ameuchora ubaoni mara zisizo na idadi, lakini mashamba ya wazazi wale hakuwahi kuyakanyaga. Akaomba apelekwe.

Korongo lililochimbika mpakani mwa mashamba yale mawili lilikuwa pana kuliko darasa lake. Upande mmoja matuta ya Yona yalishuka moja kwa moja na mteremko. Upande wa pili ilishuka njia ya ng'ombe wa Lerionka. Maji hayakubagua. Tunu akatoa kalamu nyekundu, akampa kila mmoja nusu alama.

Yona alimshika mkono kwa furaha. Lerionka akauliza nusu yake nyingine imekwenda wapi.

"Imekwenda na ng'ombe wako, mzee."

"Hao hawakuwemo kwenye swali."

"Wamo sasa."

Wiki iliyofuata aliwapeleka watoto pale, majembe mabegani, wachimbe makinga maji na kupanda matete. Wazazi walisimama ukingoni wakipiga picha na kuzirusha kundini, wakibishana ni mtoto wa nani anachimba vizuri. Tunu hakusoma hata ujumbe mmoja. Alikuwa ameshika kamba ya kupimia, ncha ya pili kwa Soila, na kwa mara ya kwanza tangu kundi lifunguliwe, mtoto alikuwa anamuuliza swali.