Ngobyi ya Mama

Ngozi ya kondoo ikinyeshewa wiki nzima kisha ikaachwa juani, hukakamaa kama ubao. Hivyo ndivyo nilivyoikuta ngobyi ya mama yetu nyumbani kwa kaka yangu, Kibondo, imetupwa juu ya rundo la kuni, na kuku wanailalia. Ngobyi ni ngozi ya kubebea mtoto mgongoni, yenye mikanda ya kufungia kifuani na kiunoni. Mama alimbeba kaka humo, kisha akanibeba mimi, na mpaka anafariki haikuwa na tundu hata moja.

Mvua iliipata mwaka ule wa kuhamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Kaka alihamisha mlango, mbuzi na baiskeli, ngobyi akaiacha ikining'inia ukutani katika nyumba iliyokwisha kuezuliwa paa. Alirudi kuichukua masika yalipokwisha. Kwa hilo sikumlaumu, maana mtu anayeharakishwa kupanda lori hubeba kinachomjia mikononi. Kuku ndio walionichoma moyo.

Mimi nilikuwa nimeolewa Kasulu, nina mimba ya kwanza, na nilitaka jambo moja tu: mwanangu abebwe nilimobebwa mimi, kwa kuwa bibi yake hatamwona. Nilimwomba kaka ngobyi. Akacheka, akaniambia nichukue, hata mbwa ameikataa. Wifi yangu aliifunga kwa kamba ya mgomba, nikarudi nayo Kasulu juu ya lori, abiria wakiziba pua.

Mama alikuwa amenifundisha. Ngozi kavu haitumbukizwi majini. Niliifunga ndani ya gunia bichi, nikaiweka kwenye kona yenye ubaridi mpaka ikaanza kukubali kukunjwa. Nikakwangua ukungu kwa kigae, taratibu, upande usio na manyoya. Kisha nikaipaka samli kidogo kidogo, nikaikanda kwa viganja, nikaivuta huku na huku juu ya goti, nikaianika kivulini. Kesho yake nikaanza upya. Ukiwa na haraka ukaisogeza motoni, umeiua. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika, nikaushona kwa shazia na uzi wa katani. Majirani zangu wa mjini walisema nanuka kama zizi, wakauliza kama mume wangu ameshindwa kuninunulia kitenge. Niliwaacha waseme. Tumbo lilipokuwa kubwa kiasi cha kunizuia kuinama, ngozi ilikuwa laini, na nikiisogeza usoni nilisikia harufu ya mgongo wa mama. Nililia siku hiyo, na sioni haya kusema.

Kaka alikuja kunijulia hali kabla sijajifungua. Aliiona ikining'inia. Akaishika, akaikunja, akaikunjua. Kisha akanieleza kwamba na wifi yangu ni mjamzito.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe umeolewa. Ngobyi haikuolewa."

Alisema mtoto wangu ni wa ukoo mwingine, na ngozi ya mama hukaa nyumba ya baba. Kwa desturi hakukosea, na hata ningeita wazee wangempa yeye. Lakini desturi hiyo ilikuwa wapi kuku walipokuwa wanaitagia mayai? Nilimtazama mume wangu. Akasema hawezi kuingilia mambo ya ukweni, akatoka kwenda kumtafutia shemeji yake soda. Kaka aliifunga ngobyi nyuma ya baiskeli yake, vizuri kabisa, akaifunika kwa koti vumbi lisije likaichafua. Koti hilo sikuliona siku za mvua.

Nilijifungua binti. Nilimbeba kwa kitenge, kama wanawake wote wa mjini, na majirani wakanisifu kwamba sasa nimeerevuka. Kila nilipokifunga kile kitenge nilikuwa na hasira, na mtoto alikuwa haijui sababu.

Nilikwenda Kibondo kumwona mtoto wa kaka alipoanza kutambaa. Ngobyi ilikuwa imesimama yenyewe ukutani, haina haja ya msumari. Wifi alikuwa amefundishwa kliniki kwamba kila kinachomgusa mtoto kifuliwe kwa sabuni. Basi mtoto alipokojoa aliifua kwa sabuni ya mche, akaisuuza kwa maji ya moto, na kwa kuwa jua lilikuwa hafifu akaikausha juu ya mafiga. Aliniambia haya kwa fahari, huku akinikaribisha ugali. Nilikula. Ningemlaumuje mwanamke aliyefanya usafi?

Baadaye alikuja mtu wa kwao sokoni Kasulu na ujumbe wa kaka. Wifi ana mimba nyingine. Kaka ananiomba nifike niilainishe ngobyi tena, maana hapo kwao hakuna anayeweza kazi hiyo kama mimi, na samli ataitafuta yeye.

"Mwambie," nikasema, "mikono nayo imeolewa."

Yule mtu alidhani natania, akacheka. Nikamwambia akaseme hivyohivyo nilivyosema, na nadhani alisema, maana kaka hakuniomba tena. Ngobyi waliikata mikanda ya kufungia mbuzi. Mbuzi walikuwa wa ukoo, kwa hiyo sina la kudai.