Dhiraa ya Bakari

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, mwanangu, nilipokuwa nimelala chali juu ya gunia, chini ya gari nililolijenga kwa mikono yangu, nikitazama kipande cha chuma kilichokuwa kifupi kwa vidole vinne. Kwa upana wa vidole vinne nilikaribia kuipoteza kazi ya mwaka mmoja na nusu. Ninakuandikia habari hiyo leo kwa sababu niliambiwa kwamba nawe umeanza kulikatakata gari kuukuu katika banda la nyumbani kwenu. Sikulisadiki jambo hilo kwa kuambiwa. Nilikuja Ijumaa iliyopita, ukiwa hupo, nikaliona mwenyewe. Kazi yako ya kuchomelea ni safi. Maneno yako kwamba vipimo umevichukua kwa mafundi wa mtandaoni, ambayo mama yako alinisomea kutoka kwenye simu, hayakunipendeza, na utaelewa sababu.

Nyumba ya baba yangu ilikuwa Ngamiani: baraza mbele, ukumbi katikati, na nyuma ua mpana wenye geti la mabati linalofungukia uchochoroni. Pembeni mwa ua palikuwa na banda lililokuwa ghala la mbata, yaani nazi kavu, zamani, na humo ndimo baba alimoniruhusu kufanyia kazi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, nimerudi kutoka chuo cha ufundi na cheti changu, nikijiona mtu niliyekwisha kusoma yote yanayosomeka.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya shamba la mkonge, iliyotupwa majanini mpaka kichaka kikaota katikati ya sakafu yake. Nililikata paa likashuka kwa shibiri nzima. Nililiteremsha kwenye springi hata likawa karibu kugusa ardhi, nikaliwekea nyuma matairi mapana ya lori, na mbele nikalitia injini ya silinda sita iliyotoka katika lori lililokwisha maisha yake. Injini ile haikukubali kufunikwa, nami sikuifunika. Niliiacha wazi, nikaisugua mpaka ikang'aa, na mabomba ya ekzosi nikayatoa ubavuni, sita, yamepangwa kama zumari. Bodi nililipiga rangi ya komamanga.

Mtaa ulisema mengi. Jirani yetu Bi Mwanaidi alikuwa akichungulia getini kila asubuhi akiwa na kikapu chake cha sokoni.

"Mwanangu, mbona gari limechuchumaa hivyo? Linaumwa tumbo?"

Bakari, rafiki yangu tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, mrefu kama mlingoti, alimjibu bila kuinua kichwa: "Linasubiri posa, Bi Mwanaidi. Lina haya."

"Na kichwa mmelikata kwa nini? Dereva ataonea wapi?"

"Ataonea puani."

Wengine hawakutania. Walisema kwamba gari lile lilitupwa kwa sababu lilikuwa na jini, na kwamba dereva wake wa mwisho hakufika nyumbani. Niliuliza ni dereva gani, jina lake nani, mwaka gani. Hakuna aliyejua, kila mmoja alikuwa ameambiwa na mwingine. Nikawacheka wote. Sasa ona kichwa cha kijana kilivyo: uvumi wa jini niliucheka, na uvumi wa kipimo nikaupokea kwa mikono miwili.

Siku zilikuwa zinahesabika. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa, na arusi ile ingefanyika uani mwetu. Baba alinisimamisha barazani, akanitazama bila hasira yoyote, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Jumatano ya wiki ijayo asubuhi wanawake wanaingia ua huu na masufuria yao," alisema. "Gari litoke kwa nguvu zake. Likishindwa, litatoka vipande vipande, nami mwenyewe nitamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimekuvumilia vya kutosha."

Baba hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili.

Kilichobaki kilikuwa shafti, yaani lile bomba la chuma linalolala chini ya gari na kupeleka mzunguko wa injini kutoka giaboksi mbele hadi difu, inayoyazungusha magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa nilibadilisha injini na giaboksi, shafti ya zamani haikufaa tena. Jumatatu Bakari alijiingiza chini ya gari ili apime. Na hapa nikueleze jambo la nyumba yetu. Babu zetu walikuwa wauza nguo, na sisi tulikuzwa kwa kupima kila kitu kwa mkono: mikeka, kamba, mapazia, hata kaburi. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa. Kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, ni shibiri. Bakari naye alikulia uani kwetu. Futi ya chuma niliyopewa chuoni ilikuwa ndani ya sanduku, ndani ya ukumbi, hatua ishirini kutoka pale.

"Dhiraa mbili na shibiri moja, yakhe!" alipaaza sauti kutoka chini. "Kamili, haipungui wala haizidi!"

Nikaondoka na maneno yale kichwani mpaka kwa Fundi Mbwana.

Fundi Mbwana alikuwa mkereza vyuma, mzee aliyetumia ujana wake kutengeneza mitambo ya mkonge. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mashine moja ya kukereza, na miwani yake ilishikiliwa kwa uzi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimepima."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Nilisema hivyo, mwanangu. Neno moja, jepesi, lisilonigharimu hata pumzi. Nilihisi kwamba nikisema ni Bakari aliyepima, mzee atanichelewesha kwa maswali. Nikaulaza mkono wangu juu ya meza yake, dhiraa ya kwanza, dhiraa ya pili, nikamalizia shibiri, naye akatia alama kwa chaki. Aliinama muda kidogo akiitazama ile alama, kisha akanitazama mimi. Halafu akakata.

Ndipo ikaja Alhamisi ile. Tuliifunga shafti upande wa difu, tukaisukuma mbele kuelekea giaboksi, nayo ikasimama kabla ya kufika.

"Ivute," akasema Bakari.

"Nimeivuta. Imeisha."

"Haiwezi kuisha. Nilipima."

Tukatoka chini ya gari. Sijui ni nani aliyewaza kwanza, lakini tuliweka viwiko vyetu pamoja juu ya ubavu wa gari, mkono wake kando ya mkono wangu. Vidole vyake vilipita vyangu na kuendelea mbele. Bakari akaangua kicheko, kisha akaona kwamba mimi sicheki, akaanza kuokota spana moja moja na kuzifuta kwa kitambaa, ingawa zilikuwa safi.

Zilibaki siku sita. Kutoka ndani nilisikia wanawake wakibishana juu ya idadi ya mabuli.

Nikairudisha shafti kwa Fundi Mbwana begani. Hakupandisha sauti. Aliizima mashine, akavua miwani.

"Dhiraa hii ilikuwa ya nani?"

"Ya Bakari, fundi."

"Na mkono ulioulaza hapa?"

"Wangu."

"Mwezi wa Ramadhani ukitafutwa, tunafunga kwa ushahidi wa nani?"

"Wa aliyeuona."

"Akija mtu akasema shemeji yake amemwambia kwamba umeonekana?"

"Tunamwambia amlete huyo shemeji."

"Basi wewe hukusema umeambiwa na shemeji. Ulisimama hapo ukasema umeuona." Akaifuta miwani kwa pindo la shati. "Sikiliza, kijana. Kuwa na mkono mfupi si kosa. Umbo ni la Mwenyezi Mungu. Kukosea kipimo pia ni kazi ya kila siku hapa. Kama ungeniambia ni Bakari aliyepima, ningefunga mlango huu nikaja kwenu kupima upya, na leo ungekuwa barabarani. Ulinitolea ushahidi wa macho kwa jambo la masikio. Cheti chako kimekufunza nini, ikiwa hakikukufunza kusema sijui?"

Nilikuwa nimejibu mitihani mingi, na swali lile likanishinda.

Kisha akaniwekea sharti. Nirudi nyumbani, nichukue futi ya chuma, nipime gari lote kutoka mbele hadi nyuma, niandike kila kipimo kwenye karatasi, na chini yake niandike kwamba nimeona kwa macho yangu na nitie saini. Bila karatasi hiyo hatakata chuma chochote.

"Hata sehemu nilizozipima zamani?"

"Hasa hizo."

Nilipima Ijumaa baada ya swala, nikapima Jumamosi kutwa. Na hapo, mwanangu, nikakutana na kile kinachonitia baridi mpaka leo. Fimbo ya usukani ilikuwa inapita kando ya mabomba ya ekzosi. Nilikuwa nimeambiwa na Bakari kwamba nafasi ni tele, nami nikaliweka hilo kichwani kama jambo nililolijua. Nilipogeuza usukani wote kushoto, huku futi ikiwa mkononi, fimbo iligusa bomba la mwisho ikakwama. Magurudumu hayakurudi. Fikiria hilo likitokea barabarani, watu wakiwa pande zote na watoto wakilikimbilia gari. Nilikaa kwenye vumbi la ua kwa muda mrefu. Baadaye nikamwita Bakari, nikamwonyesha, na bila neno la lawama kwa upande wowote tukalikata lile bomba na kulipinda upya.

Jumapili nikapeleka karatasi. Fundi Mbwana aliisoma mstari kwa mstari, akaiweka chini ya jiwe juu ya meza, akachukua shafti ndefu ya lori kuukuu na kuikata kwa kipimo changu. Aliichomelea, akaifunga kwenye mashine, akaizungusha, kisha akasogeza kipande cha chaki taratibu mpaka kikaligusa bomba lililokuwa likizunguka. Mstari mweupe ulitokea pande zote, upana ule ule, bila kukatika. Akaizima mashine.

"Imenyooka," alisema. Kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Jumanne alasiri shafti iliingia mahali pake kama iliyozaliwa nalo gari.

Jumatano asubuhi wanawake walikwisha kufika. Walisimama uchochoroni na masufuria yao, Bi Mwanaidi akiwa mbele yao wote, wakingoja ua. Bakari alifungua geti. Baba alisimama kwenye mlango wa nyuma, mikono nyuma, kanzu yake imepigwa pasi. Nikawasha.

Sitajaribu kukueleza mlio ule. Kuku walitoweka. Mabati ya banda yalitetemeka, sufuria likaanguka mahali fulani, na Bi Mwanaidi akapiga kigelegele ambacho sikukisikia ila nilikiona kinywani mwake. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu. Gari lilitoka getini kwa nguvu zake, zima, rangi ya komamanga ikimeta juani, na nilipogeuza usukani kushoto kuingia barabarani, magurudumu yaligeuka na kurudi kama yalivyotakiwa. Bakari alikuwa akikimbia nyuma akipiga kelele kwamba ni yeye aliyelijenga, wallahi, ni yeye!

Nilisimama. Baba alikuja kwa mwendo wake wa siku zote, akauzunguka ubavu wa gari, akafungua mlango. Paa lilikuwa chini mno kwa mtu aliyevaa kofia. Baba yangu hakuvua kofia hadharani maisha yake yote. Akaivua, akaiweka juu ya goti, akafunga mlango.

"Twende Tongoni," alisema.

Tukaenda Tongoni, tukapita mashamba ya minazi, watu wakitoka majumbani mwao kututazama. Tulifika, tukageuza kurudi.

"Fundi Mbwana alikuja kwangu juzi," baba alisema. "Alinionyesha karatasi yenye saini yako. Aliniambia mtu huyu sasa unaweza kupanda gari lake. Ndiyo maana nimepanda."

Siku ya arusi gari lile ndilo lililobeba wapiga matarumbeta. Walisimama nyuma, wanane, na ngoma yao kubwa, wakipiga kwa nguvu zao zote ili washindane na ekzosi, tukautangulia msafara wa bwana arusi mtaa kwa mtaa, mpaka Ngamiani yote ikawa barabarani inacheza. Nimejenga magari mengine tangu hapo. Hakuna lililonipa siku kama ile.

Sasa nasaha yangu, na uishike. Simu yako imejaa mafundi ambao hujawahi kushika mkono wa hata mmoja. Wasikilize, wapo wenye elimu. Lakini gari wanalolipima ni lao. Lako utambae chini yake wewe, ulipime wewe, uliandike wewe. Ukiulizwa jambo uliloliona, sema umeliona. Ukiulizwa uliloambiwa, sema umeambiwa, na umtaje aliyekuambia. Na ukiulizwa usilolijua, usione haya, sema hujui. Fundi mwema atafunga duka lake aje akusaidie. Anayechanganya mambo haya matatu hadhuru chuma peke yake. Nyuma ya kila chuma amekaa mtu, na mtu huyo amekuamini.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayoona sawasawa na ulimi usioyazidi macho yako. Aibariki mikono yako, alinde njia utakazopita, na siku utakapolitoa gari lako getini, akupe wazazi wenye afya wa kuketi kando yako. Amina.