Bakuli Nyuma ya Kihenge

Niliolewa enzi za Mwingereza, kwenye vilima vya juu ya Mlowo, katika kijiji ambacho mwanamume mzima hakula chakula ndani kwake. Jua likishaegemea, wake na wakwe walibeba ugali wa ulezi na vitoweo mpaka uani kwa mzee mkubwa kuliko wote, na wazee wa kijiji wakajikusanya pale kwenye mkeka, wakala pamoja. Mzee mkubwa alikuwa baba mkwe wangu. Mkewe alikwisha kufa, na mume wangu alikuwa kwenye migodi ya shaba upande wa Rodesia, kwa hiyo aliyempikia ni mimi.

Mila yetu ilikuwa kali. Mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni, hazungumzi naye. Nilipiga magoti kwa mbali, nikaweka bakuli, nikapiga makofi ya heshima, nikarudi kinyumenyume. Nilimjua yule mzee kwa miguu yake na kukohoa kwake kuliko nilivyoujua uso wake.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Tonge lilifika kinywani limebaki nusu, nusu nyingine ikiwa imeangukia kwenye mchuzi wa wote. Meno ya mbele hakuwa nayo tena, na udenda ulimtiririka kidevuni. Sitadanganya kwamba haikutia kinyaa. Ilitia. Lakini ni mwili wa mzee. Ndivyo unavyokuwa ukichoka.

Waliokula naye, je? Mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kunusa ugoro. Tone la kahawia lilining'inia puani mwake kila jioni. Alilifuta kwa kiganja, na kiganja hichohicho kikarudi kwenye mboga. Mwingine alilamba vidole mpaka kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuchovya tena. Hao ndio walioona uchafu.

Jioni moja nilikuwa bado nimepiga magoti, mzee wa kanisa akaniita.

"Mama, kuanzia kesho mtengee baba yako chakula chake peke yake. Mungu anapenda usafi."

"Ni yeye aliyesema hivyo?" niliuliza, macho chini.

"Yeye ni mgonjwa. Tunasema sisi."

 Baba mkwe aliutoa mkono wake bakulini taratibu, akauweka juu ya paja, ukaendelea kutetemeka palepale.

Kesho yake walimkalisha nyuma ya kihenge cha ulezi, asionekane. Ua ulikuwa wake, mkeka wake, kuku niliyemchinja wake. Hata hivyo, nilipofika na bakuli kubwa, mzee wa kanisa alinionyesha kwa kidole: "Weka hapa." Wakachukua mapaja na firigisi, na baba mkwe akapelekewa shingo. Shingo, kwa mtu asiye na meno! Nilisimama mlangoni pa jiko nikiwasikiliza wakifyonza mifupa, na mate yakanijaa kinywani, yale mate ya mtu anayetaka kutapika.

Kutoka jikoni niliweza kuona nyuma ya kihenge. Kuku walimzunguka. Jogoo alipanda kwenye ukingo wa bakuli akawa anadonoa, na mkono ule haukuweza kumfukuza. Mila ilinizuia kwenda. Niliokota gunzi nikarusha, nikamkosa. Mzee akamwambia jogoo, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kula tu. Wenzako kule wameshashiba."

Nilivumilia hivyo siku chache. Halafu jioni moja nilipika uyoga kwa karanga, nikapita kando ya mkeka bila kusimama, nikaliweka bakuli kubwa nyuma ya kihenge, macho chini.

"Chakula chetu kiko wapi?" mzee wa kanisa aliuliza nilipokuwa narudi.

"Kiko kwa mwenyewe."

Waliguna wote. "Mwanamke mchoyo! Tutampelekea mumeo habari kwa watu wanaovuka Tunduma."

"Mpelekeeni," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Na mumwambie kwamba baba yake mmemlisha bakuli moja na kuku."

Sauti hiyo ilimfikia shangazi yake mume wangu, dada wa baba mkwe, aliyekaa kibanda cha mwisho. Tangu azike mumewe alikuwa akipika kijungu chake kidogo, akila peke yake na mlango umefungwa. Alitoka na kigoda chake mkononi, akapita katikati ya wazee, akaketi nyuma ya kihenge.

"Kaka, sogea."

Alimmegea tonge, akalichovya, akamtia kinywani. Kilichoanguka kifuani alikiokota akala yeye.

"Huyu mama hana kinyaa?" alisema yule mlamba vidole.

"Ninacho," shangazi akajibu bila kugeuka. "Ndiyo maana sikukaa huko kwenu."

Wazee walinyanyua mkeka wa baba mkwe wakahamia uani kwa mzee wa kanisa. Ndugu wale wawili wakaendelea kula pamoja kila jioni, wakicheka mambo ya utotoni ambayo sikuyaelewa, mpaka mvua zilipoanza na baba mkwe akafariki.

Msibani walichinja fahali wake. Wazee walikuja mapema, wakakaa karibu na moto, wakagombania ini kabla halijaiva vizuri. Damu iliwachuruzika kwenye vidole. Shibe ilipowaingia, mzee wa kanisa alisimama, midomo ikimeremeta mafuta.

"Marehemu alikuwa ndugu yetu. Tumekula naye bakuli moja tangu ujana."

Shangazi alikuwa ameketi chini na wanawake. "Mpaka lini?" akauliza.

 Mzee alimeza kwanza kilichokuwa kinywani. Akatazama wenzake, wenzake wakatazama nyama.

"Inapoa hii," mmoja akasema, na mikono ikarudi bakulini.

Niliondoka nikaenda kutapika migombani.

Mume wangu alirudi baada ya mavuno. Wazee walimfuata, wakamtaka anirudishe kwenye adabu ya kupeleka chakula. Aliwasikiliza, kisha akaenda kumuuliza shangazi yake. Sijui shangazi alimwambia nini, maana walizungumza wamefunga mlango. Alipotoka aliniambia niandae chakula cha watu watatu. Wanaume walimcheka kwamba anakula jikoni na wanawake, naye akaendelea kula. Shangazi hakupika tena kijungu chake.

Mimi nyama ya msiba sili hadi leo. Wakiniletea, nasema tumbo linanisumbua, na kwa kweli linanisumbua.