Glavu Nilizokata Ncha

Siku yangu ya kwanza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Uvira, mkuu wa depo alinimwagia bulo, yaani bolti, na nati zake mezani. "Hesabu." Nikahesabu, nikarudia.

"Mbona mara mbili?"

"Ya kwanza yenu, patron. Ya pili yangu."

Akacheka, akaniweka kontwari, kwenye meza ya kuuzia. Wakati wetu bulo haikupimwa kwa mizani. Ilipita mkononi moja moja.

Baadaye nikapelekwa tawi la Luvungi. Huko mikono ikaanza kuwasha, ikatoa malengelenge, ikapasuka. Wateja wakawa wanasema, "Weka tu pa meza, papa, nitabeba mwenyewe." Meneja wa tawi akaniita.

"Weye, mikono yako iko inafukuza watu. Kesho unaenda kwa magodoro."

Magodoro yalikuwa kumi na mawili. Hata ukiyahesabu mara mbili, saa mbili asubuhi umemaliza kazi ya siku. Nikaomba miezi miwili nipone nikiwa bado kontwari. Akanipa wiki mbili. Tukaelewana mwezi mmoja.

Nikaenda zahanati. Muuguzi hakuniuliza habari za sabuni, kama nilivyotarajia. "Jumapili inapoaka?"

"Inapoa kidogo. Kwenye likizo inaisha kabisa."

"Basi ni nikeli." Akanieleza: ndiyo madini yanayopakwa juu ya bawaba na bulo zing'ae. Jasho huyatoa kidogo kidogo, na ngozi ya wengine huyakataa. Hiyo ni aleji, haiambukizi. Vaa glavu.

Nikavaa. Lakini mtu atahesabuje bila kugusa? Nikachukua mkasi, nikakata ncha zote kumi. Baada ya wiki mbili viganja vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, ila ncha za vidole zilikuwa zinatoa maji. Muuguzi alipoona zile glavu, akaketi kwa kicheko.

"Papa! Umefunga madirisha yote, mwizi umemuachia mlango!"

Nikavaa glavu nzima, nikahesabu kwa mwiko wa mbao, nikisukuma bulo tano tano.

"Papa iko anapika bulo!" wateja wakanitania.

"Ngojeni ziive."

Siku ya mwisho ya mwezi alikuja mama seremala wa Katogota kununua bawaba. Nikavua glavu, nikamwonyesha mikono. Akaishika, akaigeuza huku na huku.

"Iko mizuri kuliko yangu."

Meneja alikuwa nyuma yake. "Magodoro tutatafutia mtu mwingine," akasema, akaenda zake.

Vijana wa kontwari, glavu ikiwasumbua, badilisheni namna ya kuhesabu, glavu muiache nzima. Mimi nilistaafu na vidole vyote kumi, vizima, nimehakikisha. Siku ya kuniaga, meneja alinizawadia saa yenye mkanda wa chuma unaong'aa kama bawaba mpya. Nikamshukuru mara mbili. Naivaa kila Jumapili, juu ya mkono wa shati.