Nilivyoshuka Piramidi ya Wamaya kwa Makalio

Kuna watu hapa Lushoto ambao mpaka leo nikipita sokoni wanachuchumaa na kujifanya wanatafuta kitu chini, na mimi napita tu nikiangalia mbele, kwa sababu wana haki. Video ipo, wameiona, na wengi waliiona kabla mimi mwenyewe sijarudi nchini. Kwa hiyo bora nisimulie kwa mdomo wangu, angalau upande wangu usikike, maana kwenye ile video upande wangu unaoonekana ni mmoja tu, na siyo ule ambao mtu angependa akumbukwe nao.

Mimi kazi yangu ni kuongoza watalii. Njia yangu ni ya Irente, kule kwenye mwamba ambako mlima unakatika ghafla, ukichungulia unaiona Mazinde chini kabisa na barabara imekuwa kama uzi wa kushonea. Nimesimama pale miaka mingi, mgongo nimeupa bonde, visigino viko ukingoni, naeleza habari za machifu wa Wasambaa na za Wajerumani huku namenya ndizi. Mgeni akianza kutetemeka namwambia, "Usiangalie chini, niangalie mimi, mlima hauendi popote." (Nilikuwa najiona mtu wa maana sana nikisema hivyo, na nilikuwa nalegeza sauti kidogo, kama daktari.)

Basi ikaja safari. Shirika fulani linalosaidia waongoza watalii wa vijijini likaamua kukutanisha watu wa milimani na misituni kutoka nchi mbalimbali, na mkutano wenyewe ukawa Belize, nchi ndogo iko huko Amerika ya Kati, na mke wangu, Mama Grace, alidhani natania mpaka alipoiona tiketi. Chama chetu kikachagua wawili, mimi na Saumu, binti anayeongoza wageni msitu wa Magamba, mpole, ana heshima zake zote, ila hapigi picha moja kama anaweza kupiga video. Siku ya kutuaga, mwenyekiti wetu Mzee Kaniki alisimama akasema, "Elia, nenda kawaonyeshe mtu wa milima ni nani." Watu wakapiga makofi. Kila mtu alijua Mzee Kaniki anastaafu, na kile kiti chake kilikuwa kinaniangalia mimi, na mimi nilikuwa nakiangalia.

Mkutano sitauzungumzia, ulikuwa mkutano kama mikutano. Ulipokwisha wakatupeleka kuona magofu ya mji wa kale wa Wamaya. Jina la mji huo nimelitamka mbele ya watu mara nyingi, kila mara tofauti, kwa hiyo tuuite mji tu. Na niseme ukweli, nilipoingia pale nilipunguza mwendo. Unatembea msituni, miti mikubwa, joto la kule bondeni kwetu Sigi kabisa, halafu miti inafunguka unakuta uwanja wa nyasi mpana, na kuzunguka uwanja majumba ya mawe ambayo mizizi imeyashika kama vidole, na mbele kabisa piramidi, jiwe juu ya jiwe, ngazi zinapanda mpaka kwenye kijumba cha mawe huko juu ambako ukitazama kofia inadondoka. Watu walijenga kile kitu bila winchi wala lori. Nikawaza, sisi tumeshindwa kumaliza ofisi ya chama.

Aliyetuongoza alikuwa mama mmoja wa makamo anaitwa Marta, mfupi, Mmaya mwenyewe, na alituambia babu zake ndio waliojenga pale, akisema bila majivuno, kama mtu anavyosema shamba hili ni la baba. Tulipofika chini ya piramidi akatoa maelekezo. Alisema ngazi ni nyembamba na zimesimama sana, kwa hiyo wageni wengi wanapanda mpaka kwenye baraza pana la katikati, wanaona msitu, inatosha. Anayetaka kwenda juu kabisa apande kwa mshazari, mikono iguse mawe, asione aibu.

Saumu akasema yeye baraza linamtosha. Wenzetu wote wakasema baraza linawatosha. Mimi nikamwambia Marta, tena kwa Kiingereza changu cha kazini, "Mama, mimi natoka Usambara." Halafu nikapanda ngazi zile wima, katikati, mikono nimeitia mfukoni.

Hilo tu. Sikuiba, sikutukana mtu. Niliweka mikono mfukoni.

Kupanda hakukuwa na shida, nisije nikasema uongo. Macho yanaona ngazi iliyo mbele, magoti yanafanya kazi yake, na nyuma nilisikia watu wanasema "duh" kwa lugha zao, nikaongeza mwendo. Kule juu nikakuta wageni wengine, kundi zima, wamekaa chini wameegemea ukuta wa kile kijumba, kimya, wengine wamefumba macho, mama mmoja mwenye mvi amekunja miguu na viganja ameviweka magotini. Nikajua hawa ni wale Wazungu wa kutafakari, ambao hata Irente huwa wanakuja, wanakaa jua linazama hawasemi neno. Nikawapungia mkono, nikawapita, nikaenda ukingoni kama nilivyozoea, nikageuka ili Saumu anichukue video vizuri.

Na hapo ndipo nilipoona kuwa ngazi hazipo.

Zimesimama kiasi kwamba ukiwa juu huzioni, unaona ukingo wa jiwe, halafu unaona watu wadogo kwenye nyasi. Irente ukitazama bonde, nyuma yako kuna mlima, kuna kanisa, kuna shule, kuna ng'ombe wa watu, yaani dunia inaendelea. Pale nyuma yangu ilikuwa hatua chache halafu hewa, kulia hewa, kushoto hewa. Nikatafuta kitu cha kushika, hakuna. Na wakati huohuo nyani wao weusi wakaanza kulia msituni. Marta alishatuambia habari zao, kwamba ni wanyama wadogo tu wenye sauti kubwa, lakini kusikia ni kitu kingine, maana wananguruma kama simba watatu kwenye pipa, na mimi niliyezoea mbega wetu wenye aibu zao, nikajikuta nimelala kifudifudi, nimelikumbatia jiwe, shavu liko kwenye ule ukijani unaoota juu ya mawe, nasali Baba Yetu kwa Kisambaa.

Nilipopata nguvu nikatambaa mpaka ukutani, nikakaa na wale wa kutafakari. Yule mama mwenye mvi akasogea kidogo akanipa nafasi. Nikafumba macho. Nikawaza, sawa, nitajifanya natafakari mpaka hii hali ipite. Haikupita. Jua likasogea. Watoto wa shule na sare zao wakapanda, wakacheza, wakashuka kama mbuzi. Kwa chini nikasikia Saumu ananiita, "Kaka Elia, unashuka?" nikamjibu kwa kupunga mkono, taratibu, kama Askofu.

Mwishowe akaja Marta mwenyewe. Akachuchumaa mbele yangu akauliza, "Bwana, uko salama?"

"Natafakari," nikamwambia. "Pamoja na hawa."

Akatuangalia sote, mmoja mmoja, kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Basi malizia kutafakari ukiwa unashuka, maana tunafunga. Kaa kwenye ngazi. Makalio kwanza, halafu miguu, halafu makalio tena. Usiangalie chini, niangalie mimi."

Nilimwangalia. Ni maneno yaleyale ambayo mimi mwenyewe yamenilisha miaka yote.

Nikakaa. Nikaanza kushuka, makalio, miguu, makalio, Marta ananitangulia kinyumenyume kama anamfundisha mtoto kutembea. Tulipokuwa tumeshuka kidogo nikasikia mikwaruzo nyuma yangu, nikageuka. Wale watu wote wa ukutani walikuwa wananifuata. Wamekaa, mmoja nyuma ya mwenzake, mama mwenye mvi mbele, nyuma yake kijana mwenye ndevu, na wengine, makalio, miguu, makalio, nyuso zao nzito kama watu wako kwenye maziko. Nikajua nimeanzisha dini. Walishaniona nimelala kifudifudi nasali kwa lugha wasiyoijua, sasa wanaona nashuka kwa namna hii, wamechukulia ndiyo ibada yenyewe. Nilitaka kuwaambia jamani siyo hivyo, lakini kuongea na kushuka kwa pamoja kulinishinda.

Hapo katikati, karibu na lile baraza ambalo wenzangu wamekaa kwa starehe, suruali ikashika kwenye ncha ya jiwe. Nikavuta, haikutoka. Nikavuta kwa nguvu, ikatoka, lakini siyo yote. Ndani nilikuwa nimevaa bukta nyekundu ya mpira niliyopewa na shemeji yangu, na mimi hapa Lushoto ni katibu wa tawi la mashabiki wa timu ya kijani. Sitaeleza zaidi. Anayefuata mpira wa nchi hii ameshaelewa, na asiyefuata achukulie tu kwamba ningekuwa bila bukta kabisa ningesamehewa mapema zaidi.

Tulipofika kwenye nyasi watoto wa shule wakatupigia makofi. Yule mama mwenye mvi akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka, akasema "asante, asante," nikashindwa kumtazama usoni, nikamwambia jina langu na natoka wapi kwa sababu aliuliza, nikaondoka nimefunga sweta kiunoni. Saumu akanijia na chupa ya maji. "Pole, Kaka," akasema. "Nimechukua kidogo tu, nimemtumia dada peke yake."

Dada yake anauza vocha stendi ya Lushoto.

Tulipofika Mombo, ambako unashuka basi la Dar ili upande gari la kupandisha mlimani, nilikuwa bado mlangoni mwa basi, kijana mmoja wa bodaboda akaja, akanipa shikamoo, akapokea begi langu kwa heshima kabisa, halafu akasema, "Mzee, ngazi za basi hizi zimesimama. Kaa kwanza." Wenzake walikuwa wameshakaa chini, mstari mmoja.

Nyumbani Mama Grace alinipa chai, akaniacha nikanywa mpaka nusu. "Ile suruali niliinunua mimi," akasema.

"Najua."

"Na bukta tutaongea, Baba Grace. Katibu mzima."

Ukatibu wenyewe uliondoka wiki ileile, na tawi halikuhitaji hata kikao. Kiti cha Mzee Kaniki alikipata Saumu, na kura yangu nilimpa mwenyewe, maana mtu mwenye video yako ni vizuri awe na sababu ya kukupenda. Mimi nikaendelea na Irente, ila nikawa nasimama hatua kadhaa nyuma ya ukingo, nawaambia wageni ni utaratibu mpya.

Miezi ikapita, siku moja ofisini wakaniambia kuna mgeni ananiulizia kwa jina. Alikuwa yule mama mwenye mvi. Anaitwa Helen, mwalimu mstaafu wa Kanada, amekuja Tanzania kuwaona wajukuu wake Arusha, akaona apite. Nikasema leo ndiyo leo, huyu amekuja kutafuta mwalimu wake wa kiroho. Njia nzima ya kwenda Irente nilikuwa napanga maneno. Tulipofika hakusogea kwenye mwamba, akakaa kwenye nyasi mbali kabisa, mikono imeshika majani, nikakaa karibu naye nikaona nimalize.

"Mama, nisamehe. Siku ile sikuwa naabudu. Sikuwa natafakari hata kidogo. Niliogopa kushuka."

Akanigeukia. "Na nani alikuwa anatafakari?"

"Ninyi. Mlivyokuwa mmekaa pale ukutani."

Alicheka mpaka akaachia majani. "Elia, mimi nilikuwa nimekwama pale tangu asubuhi," akasema. "Yule kijana mwenye ndevu nilimkuta. Kila aliyekuja aligeuka akaona kule chini, akaja akakaa, akafumba macho, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Ulipokuja wewe na mikono mfukoni nilijisemea, asante Mungu, huyu atatushusha."

"Halafu nikalala chini."

"Halafu ukalala chini, nikajua tumekwisha. Lakini si ulitushusha?"

Nikafikiri kidogo, nikaona kweli, niliwashusha. Tukakaa pale kwenye nyasi mpaka ukungu ukapanda ukaifunika Mazinde yote, na wala hakuna aliyemwambia mwenzake asogee mbele akaone vizuri.

Hapa mjini nikiwaeleza kwamba wale wote nyuma yangu walikuwa wamekwama hawaniamini, wanasema natafuta wenzangu wa kugawana nao aibu. Sawa. Kwa Wamaya sirudi, majengo yao nimeyaheshimu na nitaendelea kuyaheshimu kutoka hapa nilipo. Na juzi bati la nyumba yangu lilipoanza kuvuja nilimwita fundi, nikamshikia ngazi, akaniuliza kama nataka kupanda nione kazi yake. Nikamwambia namwamini.