Makofi Aliyopigiwa Saidi

Nakumbuka siku ile Saidi alipopigiwa makofi ukumbini Korogwe, mwanangu, na mimi nikagonganisha viganja bila sauti. Tulikuwa vijana wawili tuliopewa kazi ya tovuti ya chama cha wakulima wa mahindi. Saidi alitengeneza ukurasa wa kupakia nyaraka. Mkulima wa Kwaluguru alipiga picha kitambulisho na mkataba wa shamba kwa simu, akatuma, asipande bodaboda kuja mjini. Kizuri chajiuza, na kile kilijiuza. Akina mama wakampigia vigelegele. Mimi niliyemwonyesha hata namna ya kuwasha seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, sikutajwa. Nikaona wivu, soda yangu nikaiacha mezani.

Basi nikautafuta ubaya wa kazi yake, nikaupata. Ukurasa ulimwamini mtumaji. Akisema anatuma picha, faili lilipita na jina lake lilelile mpaka ndani ya seva, mahali programu zetu zinapofanyia kazi. Mtu mwovu angetuma programu akasema ni picha, kisha akaiamsha akiwa kwake, na vitambulisho vya wakulima wote vikawa mikononi mwake.

Nikasimama kikaoni, mbele za watu, nikasema kazi ya Saidi ni mbovu.

"Halima ana wivu huyo," mmoja akasema, wakacheka.

Na kweli nilikuwa nao. Wasemao husema hasidi hana sababu; mimi sababu nilikuwa nayo, ila kilichosikika ni wivu. Ukurasa ukabaki wazi, vitambulisho vikaendelea kuingia.

Mwenyekiti wetu, Bi Mwanaidi, mwenye ghala la mahindi, akaniita pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulilosema ni kweli?"

"Kweli tupu, bibi."

"Haya. Gunia nikiletewa, mwenyewe akasema mahindi makavu, simtukani wala simwamini. Nachukua bambo, nachoma, punje zinatoka, tunazitazama wote wawili. Wewe umemtukana mwenye gunia, na gunia hujalichoma. Ulitaka watu wapone, au Saidi aaibike?"

Nilitaka aaibike, mwanangu, na aibu hiyo ningeila kwa mchuzi. Lakini bambo nalijua tangu utotoni Kwamsisi, ule mrija wa chuma wenye ncha, nikaona bibi amenishika penyewe.

Kesho yake nikaketi na Saidi, sisi wawili tu. Kwenye tovuti yetu ya majaribio nikatuma programu ndogo, nikauambia ukurasa kuwa ni picha ya shamba. Ikapita. Nikaifungua, na kioo cha kompyuta kikaandika: Shikamoo Saidi. Hakucheka. Mama yake mzazi, aliyeko Kerenge, alikuwa ametuma kitambulisho chake kwenye ukurasa wenyewe wa chama.

"Dada," akasema, "ungenionyesha hivi tangu mwanzo."

Tulifunga ukurasa siku hiyohiyo. Tukaandika kanuni ya kuchungulia ndani ya kila faili, likubalike tu kama ni picha kweli. Faili kubwa kupita kiasi linarudishwa. Linalopokelewa linapewa jina jipya na sisi, kisha linawekwa ghala lake la nje, pasipoweza kuamshwa programu yoyote. Saidi aliandika haraka kuliko mimi, na hilo nalo liliniuma.

Kikao kilichofuata akaeleza yote, akanitaja kwa jina. Vigelegele? Vyake tena! Nikapiga makofi, safari hii yakatoa sauti, na moyo bado unawasha.

Mwanangu, unayeanza kazi hii, faili usiliamini kwa neno la aliyelileta. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huanzia barazani, haingii moja kwa moja chumba cha kulala. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kuhusu wivu, sikwambii usiwe nao; mimi mpaka leo nikisikia Saidi kapewa kazi mpya nabana midomo. Ila ukiona ufa kwenye kazi ya mwenzio, mwendee yeye kwanza, na bambo mkononi. Ukipayuka kwa wivu hutaaminiwa hata ukisema kweli, na atakayeibiwa si wewe wala yeye, ni yule mama wa Kerenge aliyewaamini wote wawili.

Mungu akupe jicho la kuona ufa na ulimi wa kuusema vizuri. Na kama lazima umwonee mtu wivu, akujalie awe mtu kama Saidi.