Kikohozi Kwenye Picha la Kihindi

Mwone Naomi akifika Ipinda Jumamosi mchana, mvua imemkuta njiani. Kandambili mkononi, tope la majaruba limempanda hadi kwenye muundi, kitenge cha begani kimelowa. Anatoka Talatala. Mbele yake anatembea jirani yake Felista, aliyemng'ang'ania waje. "Leo acha palizi, twende tukacheke," alimwambia, tena akamlipia kiingilio. Naomi alishangaa kidogo, maana Felista si mtu wa kutoa.

Banda la video la Sylvester mnalijua: mabati matupu, mabenchi, blanketi jeusi mlangoni kuzuia mwanga. Jumamosi huonyesha picha la Kihindi la mapenzi na vichekesho, lililotafsiriwa. Kwa Naomi hiyo ndiyo starehe yake moja. Mpunga ni yeye, kakao ni yeye, watoto ni yeye. Mumewe Gwamaka alivuka mpaka wa Kasumulu kwenda kutafuta kazi Afrika Kusini wakati mtoto wao Atupele hajaota meno, na sasa Atupele yuko darasa la nne.

Gwamaka akipiga simu, humpigia baba yake. Hapo, ndugu yangu, ndipo penye shida. Naomi anaishi kwenye mji wa baba mkwe tangu aolewe, na sura ya mzee huyo haijui. Kwetu mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Nami kwa heshima yake sitalitaja. Mzee akikaribia hukohoa kwa kifupi, mara mbili, na Naomi huacha anachofanya, hujifunika kichwa, hupitia nyuma ya migomba. Zamani mama mkwe ndiye aliyewapelekea maneno. Alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia Felista.

"Muulize baba, Gwamaka mbona kimya tangu tupande mpunga?"

Felista huenda, hurudi. "Baba anasema ni mzima. Kazi nyingi tu."

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Naomi alikuwa jikoni akasikia simu ya mzee ikiita nyuma ya nyumba. Akasikia "haloo", kisha kimya kirefu. Akamtuma Felista. Safari hii Felista alikawia, na aliporudi alisema, "Ni mzima. Vaa, twende Ipinda."

Mlangoni Sylvester akamsalimia kwa utani. "Ugonile, mama Atupele! Palizi umemwachia nani?"

"Nimeyaambia majani yajing'oe yenyewe. Funua hilo blanketi, tunalowa!"

Wakakaa benchi la mbele. Stelingi, yule kijana shujaa wa picha, kajifanya mpishi ili aingie nyumbani kwa msichana, na hajui hata kukaanga yai. Moshi umejaa nyumba nzima. Naomi alicheka mpaka akamwegemea Felista. Mara baba wa stelingi akamshika mkono yule binti, na sauti ya mtafsiri ikasema, "Mkwe wangu, njoo tucheze!"

Banda likapasuka.

"Huyo mzee hapa kwetu angetozwa ng'ombe!" mmoja alipiga kelele.

"Na binti anamkodolea macho kabisa! Gwe binti, funika uso!"

Ni katikati ya kicheko hicho blanketi la mlangoni lilipofunuka, na Naomi akasikia mtu akikohoa kwa kifupi, mara mbili.

Mwili wake ulijua kabla yake. Kitenge kilikuwa kichwani tayari, ameinama, magoti yanataka kukimbia. Lakini mlango ni mmoja, na mzee yuko huko. Alimsikia akipapasa gizani, akikaa benchi la nyuma yake. Mzee ambaye hajawahi kukanyaga banda la video maishani mwake. Wala hakujua aliyekaa mbele yake ni nani.

Stelingi akateleza kwenye unga. Watu wakashika mbavu. Nyuma ya Naomi mtu alikuwa analia, kilio cha kuuma kitambaa, pumzi inakatikakatika.

"Mzee, vipi tena? Hili si la kuchekesha?" aliyekaa kando ya mzee alimuuliza.

"Nacheka, mwanangu," sauti ikajibu. "Macho tu yanavuja. Niache hapa hapa. Nyumbani siwezi."

Naomi aliusogeza mdomo kwenye sikio la Felista. "Asubuhi baba alikuambia nini?"

"Tazama, dada, sasa ndio harusi."

"Nakuuliza, alisema nini?"

Felista aliushika mkono wa mwenzake akaubana, macho yake yamekazwa kwenye picha. Hakuwa anacheka.

Mbele yao bibi harusi anavishwa maua, ngoma zinapigwa. Kugeuka ni kumtazama mzee usoni, jambo ambalo Naomi hajalifanya tangu aolewe, na usoni pale ndipo jibu lilipo. Asipogeuka, Gwamaka bado ni mzima kama alivyoambiwa. Ana kazi nyingi tu. Lakini picha likiisha Sylvester atawasha taa, na hakutakuwa na migomba ya kupitia nyuma yake.

Basi niambie wewe: ungekuwa umekaa pale, kitenge kichwani, wenzako wakicheka, ungeliombea nini lile picha? Liishe, au lisiishe?